Bakteria wa tumboni, vitamini K na damu ya mtoto mchanga

Mama anapojifungua hospitalini, mtoto wake anapaswa kudungwa sindano moja ndogo kwenye paja katika saa za kwanza za maisha yake. Si chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha alama mkononi. Wala si matone ya vitamini A ambayo mtoto huanza kupewa afikapo miezi sita. Sindano hii ni ya vitamini K. Wazazi wengi mjini Garissa, sawa na wenzao wa Nairobi na Mombasa, huona mtoto akidungwa bila kuambiwa sababu. Na wale wanaojifungulia nyumbani katika mabula ya mji au kwenye manyatta za Wajir na Mandera, watoto wao huikosa kabisa.

Wiki hii, msomaji, tutaieleza vitamini hii tangu mwanzo: inatengenezwa na nani, inafanya kazi gani katika damu, na kwa nini mtoto mchanga huja duniani akiwa karibu hana hata chembe yake. Utaona kwamba watengenezaji wake wakuu ni mimea ya majani mabichi na bakteria, wakiwemo wale wanaoishi ndani ya tumbo lako. Utaona pia kwamba bakteria wa kifua kikuu, adui wa siku nyingi wa eneo la Kaskazini Mashariki, hawezi kuishi bila kuitengeneza.

HERUFI K ILITOKA WAPI?

Mnamo mwaka 1929, mwanasayansi wa Denmark aitwaye Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta. Vifaranga wale walianza kutokwa na damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, na damu yao ilichelewa mno kuganda. Dam aliwapa vitamini zilizojulikana wakati huo, lakini hali haikubadilika. Alipowapa majani mabichi na ini la nguruwe, damu ilikoma. Mwaka 1935 alitangaza kuwa amegundua vitamini mpya, akaipa herufi K kutokana na neno la Kijerumani na Kidenmark lenye maana ya kuganda.

Nchini Marekani, Edward Doisy na wenzake walifanikiwa kuitoa vitamini hiyo ikiwa safi mwaka 1939. Walipata aina mbili. Ya kwanza, K1, waliitoa katika majani ya mmea unaolishwa mifugo. Ya pili, K2, waliitoa katika unga wa samaki uliooza. Hapo ndipo ilipojitokeza siri ya habari yetu ya leo: samaki mwenyewe hakuwa chanzo cha K2 ile, bali bakteria waliomwozesha. Dam na Doisy walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Kitaalamu, K1 huitwa filokwinoni na K2 huitwa menakwinoni. Zote mbili zina kichwa cha namna moja, yaani pete mbili za kaboni zilizoungana. Tofauti iko kwenye mkia. Menakwinoni ina mkia uliotengenezwa kwa vipande vinavyofanana, na bakteria mbalimbali huunga idadi tofauti ya vipande hivyo. Ndiyo maana utasikia wataalamu wakitaja MK-7, MK-8 au MK-9. Nambari ile ni hesabu ya vipande vya mkia tu.

KAZI YAKE KATIKA DAMU

Unapojikata kwa kisu jikoni, damu hutoka kidogo kisha ikaganda. Kuganda huko ni kazi ya protini nyingi zinazoamshana moja baada ya nyingine. Nne kati ya hizo, zinazojulikana kwa nambari 2, 7, 9 na 10, hutengenezwa na ini na haziwezi kufanya kazi bila vitamini K.

Ini huziunda protini hizi zikiwa bado butu. Kisha kimeng'enya maalumu, kwa msaada wa vitamini K, huzibandika vijisehemu vinavyoziwezesha kushika madini ya kalsiamu. Zikiisha kuishika kalsiamu, ndipo zinapoweza kujishikiza mahali palipojeruhiwa na kuanza kazi. Bila vitamini K protini zipo, lakini ni kama kufuli lisilo na ufunguo.

Vitamini K ikishatumika mara moja huchakaa. Mwili hauitupi, bali kimeng'enya kingine huihuisha ili itumike tena na tena. Dawa ya warfarini, wanayopewa wagonjwa ambao damu yao huganda ovyo au waliowekewa vali bandia za moyo, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho cha kuhuisha. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani hufanya vivyo hivyo. Panya hafi papo hapo, bali huvuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyekula sumu ya panya asiachwe nyumbani kwa kuwa anaonekana mzima. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

KIWANDA CHA BAKTERIA

Sasa tuingie ndani ya bakteria. Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba bakteria hatengenezi vitamini K kwa kutuhurumia. Anaitengeneza kwa haja yake mwenyewe, nayo ni kupumua.

Kila mkazi wa Garissa anaujua mkokoteni wa punda unaobeba mitungi ya maji na kuyagawa nyumba kwa nyumba. Menakwinoni hufanya kazi kama ya mkokoteni huo. Inakaa katika utando unaomzunguka bakteria, ikichukua elektroni kutoka upande mmoja wa mitambo yake na kuzishusha upande wa pili, kisha inarudi mitupu kuchukua nyingine. Safari hizo ndizo zinazompatia bakteria nguvu ya kuishi. Mikokoteni ikikoma, maji hayafiki na kila kitu kinasimama.

Bakteria wa kawaida wa utumbo aitwaye Escherichia coli hutumia menakwinoni zaidi hasa anapokosa hewa ya oksijeni, kama ilivyo ndani ya utumbo wetu. Bakteria wengine, akiwemo yule wa kifua kikuu, hawana mkokoteni mwingine ila huo.

Kuitengeneza menakwinoni si kazi ya hatua moja. Ni kama karakana ya jua kali ambapo kila fundi ana kazi yake, na fundi wa pili hawezi kuanza kabla wa kwanza hajamaliza. Mafundi hao ni vimeng'enya. Katika njia iliyochunguzwa zaidi wako 9.

Malighafi ni kitu kiitwacho korismati, ambacho bakteria na mimea hujitengenezea lakini binadamu hawezi. Kimeng'enya cha kwanza, MenF, huigeuza korismati kidogo tu kwa kuhamisha sehemu yake moja. Cha pili, MenD, huongeza kipande kipya cha kaboni, na ili kukiunganisha hukopa msaada wa vitamini nyingine, B1. Cha tatu, MenH, huondoa kipande kisichohitajika. Cha nne, MenC, hutoa maji, na hapo pete ya kwanza ya kichwa inakamilika.

Cha tano, MenE, hubandika mpini wa muda ili kazi ishikike vizuri, na hutumia nguvu nyingi kufanya hivyo. Cha sita, MenB, huukunja mnyororo wa pembeni na kuufunga, pete ya pili ikapatikana. Cha saba hubandua ule mpini wa muda. Cha nane, MenA, kiko kwenye utando wenyewe. Kazi yake ni kuunga mkia mrefu. Cha tisa, MenG, huongeza kipande kidogo cha mwisho cha kaboni. Hapo menakwinoni iko tayari kuanza safari.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba MenD hufanya peke yake kazi ambayo leo tunajua ni ya wawili, yeye na MenH. Uchunguzi wa miaka ya 2007 na 2008 ndio uliosahihisha hesabu hiyo.

Mwaka huo wa 2008 palitokea jambo jingine la kustaajabisha. Watafiti wa Japani waliona kwamba kuna bakteria wanaotengeneza menakwinoni ingawa hawana mafundi wengi kati ya hao tuliowataja. Walipofuatilia, wakakuta njia ya pili kabisa, inayopitia kitu kiitwacho futalosini. Miongoni mwa wanaoifuata njia hiyo ni Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, na Campylobacter, anayeharisha watoto. Kwa kuwa bakteria wengi wasio na madhara utumboni hawaitumii njia ya futalosini, wataalamu wanatafuta dawa itakayoiziba njia hiyo pekee, iue mhalifu na kuwaacha majirani wema.

JE, TUNAFAIDIKA NAYO?

Swali la haki ambalo msomaji atauliza ni hili: ikiwa bakteria wa tumboni wanatengeneza vitamini K mchana na usiku, kwa nini tuhangaike na mboga?

Jibu ni kwamba vitamini K huyeyuka katika mafuta, na ili iingie mwilini inahitaji nyongo. Nyongo hufanya kazi katika utumbo mwembamba, ilhali bakteria wengi wanaotengeneza menakwinoni wanakaa mbele zaidi, katika utumbo mpana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanachotengeneza hutoka na kinyesi. Kiasi gani hasa hutufikia ni jambo ambalo wataalamu bado wanabishania.

Lakini si kwamba hawatusaidii. Tangu miaka ya 1960 madaktari wameona kwamba mgonjwa asiyekula kwa wiki kadhaa anaweza asitokwe na damu, lakini mgonjwa asiyekula na ambaye pia anapewa antibiotiki, damu yake huanza kuchelewa kuganda. Antibiotiki zimewaua mafundi. Funzo hapa ni kwa wale wanaoingia duka la dawa na kununua vidonge vya rangi mbili kwa kila mafua na kila kuhara. Antibiotiki zitumike kwa agizo la daktari, na zikamilishwe kama zilivyoagizwa.

Kwa mtu mzima mwenye afya hatari ni ndogo, mradi ale majani. Mahitaji ya siku kwa mtu mzima ni takribani mikrogramu 90 hadi 120, na bakuli moja la sukuma wiki iliyopikwa hupita kiasi hicho mara kadhaa. Mchicha na majani ya kunde pia yana vitamini K kwa wingi. Kaanga kwa mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta utumbo hauipokei vizuri. Familia za wafugaji ambazo chakula chao ni maziwa, nyama, wali na pasta siku nenda siku rudi zinashauriwa kuongeza mboga hizi, ambazo mashamba ya kando ya Mto Tana huzitoa na soko la mji huziuza.

KWA NINI MTOTO MCHANGA HANA?

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Mtoto mchanga amezungukwa na milango mitatu, na yote imefungwa.

Mlango wa kwanza ni kondo la nyuma. Vitamini K haipiti kwa urahisi kutoka kwa mama, na damu ya mtoto anapozaliwa huwa na sehemu ndogo mno ya kile alicho nacho mama. Hata mama anayekula sukuma wiki kila siku mtoto wake huzaliwa na akiba haba.

Mlango wa pili ni maziwa. Maziwa ya mama hayana mbadala, lakini kwa vitamini hii moja ni machache: lita nzima ina takribani mikrogramu 1 hadi 4 tu. Hilo halimaanishi mama aache kunyonyesha. Maana yake ni kwamba kasoro hiyo moja hujazwa kwa sindano moja, na mambo mengine yote maziwa yake yanayatosheleza.

Mlango wa tatu ni bakteria wenyewe. Mtoto huzaliwa utumbo wake ukiwa karibu hauna wakazi. Katika wiki za mwanzo, wanaotawala utumbo wa mtoto anayenyonya ni jamii ya Bifidobacterium. Hao ni walinzi wazuri dhidi ya kuhara, lakini hawana ile karakana ya vimeng'enya 9. Mafundi wa vitamini K, hasa jamii ya Bacteroides, huongezeka baadaye mtoto anapokuwa na kuanza kula vyakula vingine. Aliyezaliwa kwa upasuaji huchelewa zaidi kuwapata.

Mwaka 1894 daktari Charles Townsend wa Boston, Marekani, aliandika habari za watoto 50 waliotokwa na damu siku chache baada ya kuzaliwa. Hakujua sababu, kwa maana vitamini K haikuwa imegunduliwa. Leo tunajua kwamba ugonjwa huo huja kwa nyakati tatu. Kuna unaotokea siku ya kwanza, hasa mama akiwa anatumia dawa fulani. Kuna unaotokea siku ya pili hadi ya saba. Na kuna wa kuchelewa, unaotokea kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita, hasa kwa watoto wanaonyonya tu na ambao hawakudungwa.

Huu wa kuchelewa ndio unaotisha zaidi. Hushika watoto wachache, katika nchi zilizohesabu ni kati ya 4 na 7 kwa kila 100,000 wasiopewa kinga, lakini mara nyingi damu huvuja ndani ya kichwa. Mtoto aliyekuwa akinyonya na kucheka huanza kulia bila kunyamaza, kisha huzimia. Wanaopona wengi hubaki na ulemavu. Na mara nyingi jamaa hudhani ni kijicho au degedege la kawaida, wakapoteza saa ambazo hospitali ingeweza kumwokoa.

SINDANO MOJA

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto mchanga apewe miligramu 1 ya vitamini K kwa sindano ya msuli baada ya kuzaliwa, akiisha kulazwa kifuani pa mama na kunyonya kwa mara ya kwanza. Watoto njiti hupewa kiasi kidogo zaidi kulingana na uzito wao. Dawa hukaa katika msuli wa paja na kuingia mwilini polepole, hivyo humlinda mtoto kwa miezi ile ya hatari.

Je, ina madhara? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utafiti mmoja wa Uingereza ulizua hofu kwamba sindano hii huleta saratani kwa watoto. Uchunguzi mkubwa uliofanywa baadaye katika nchi kadhaa haukuthibitisha jambo hilo. Kinachoonekana kwa kawaida ni maumivu na uvimbe mdogo mahali palipodungwa.

Kwa mama anayejifungulia nyumbani kwa msaada wa mkunga wa jadi, yule ambaye Wasomali humwita umuliso, mlango haujafungwa. Mpeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu mapema uwezavyo, ikiwezekana siku hiyo hiyo, ukaombe sindano ya vitamini K pamoja na chanjo zake za kwanza. Hata siku kadhaa zikipita, nenda. Serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, lakini kwa mama aliye umbali wa kilomita 80 kutoka barabara, umbali wenyewe ni ada tosha. Kwa hiyo wakunga wa jadi na wahudumu wa afya wa mitaa ndio wenye kubeba ujumbe huu. Umuliso anayesema, "Mtoto huyu lazima afike zahanati kabla ya kupewa jina," ameokoa maisha.

Kabla ya mtoto kupata sindano hiyo, asitahiriwe, asitogwe masikio, asichanjwe chale wala asikatwe kimeo. Kukata kimeo, kwa hakika, hakufai wakati wowote. Lakini kwa mtoto ambaye damu yake haigandi, wembe mdogo tu unatosha kumuua.

DALILI ZA KUANGALIA

Mkimbize mtoto hospitalini mara moja, hata ikiwa ni usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- Kitovu kinavuja damu, au kilikauka kisha kikaanza tena kutoa damu.
- Damu inatoka puani au mdomoni, au anatapika damu.
- Kinyesi ni cheusi kama lami baada ya siku za mwanzo, au kina damu.
- Ana alama za samawati mwilini bila kuanguka wala kuumizwa.
- Utosi umevimba, anakataa kunyonya, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, amelegea, amepauka au anapata mitukutiko.
- Mahali alipodungwa sindano panaendelea kutoa damu.

Mwambie daktari waziwazi kama alipewa vitamini K au la. Jibu hilo moja huokoa muda.

SUSA NA MAZIWA YA NGAMIA

Wasomaji wengi watauliza kuhusu susa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, ambayo ni fahari ya Kaskazini Mashariki na huuzwa hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Je, si bakteria wanaoyachachusha, na bakteria si ndio mafundi wa vitamini K?

Ni swali zuri, na jibu lake ni ndiyo na hapana. Susa hutengenezwa kwa kuyaacha maziwa siku moja au mbili katika chombo kilichofukizwa moshi. Watafiti wa Kenya waliochunguza susa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005 walikuta humo bakteria wa jamii ya Leuconostoc na kadhaa wa jamii ya Lactobacillus, pamoja na hamira. Miongoni mwa jamii ya Leuconostoc na ndugu zao Lactococcus wamo wanaojulikana kutengeneza menakwinoni. Jamii ya Lactobacillus kwa kawaida haiitengenezi, kwa kuwa imepoteza baadhi ya vile vimeng'enya. Kwa hiyo vitamini iliyomo hutegemea ni nani aliyetawala chombo siku hiyo, na hilo hubadilika toka nyumba hadi nyumba. Susa ni chakula kizuri kwa mtu mzima. Kuitegemea kama dawa ya vitamini K si sawa, na kumpa mtoto wa chini ya miezi sita ni hatari. Huyo ni wa maziwa ya mama peke yake.

Tena maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba brusela, ugonjwa wa homa za vipindi na maumivu ya viungo ambao umewasumbua wafugaji wengi. Chemsha kwanza, yaache yapoe, kisha ongeza kijiko cha susa ya jana ili yachachuke.

KIFUA KIKUU NA MKOKOTENI WAKE

Huwezi kuzungumzia afya ya Kaskazini Mashariki bila kutaja kifua kikuu. Ni huko Wajir, mwaka 1976, ambako Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi na wafugaji, alianzisha manyatta ya matibabu. Wagonjwa walihamia karibu na kituo, wakajenga vibanda vyao na kumeza dawa mbele ya macho ya wahudumu hadi wapone. Mtindo huo wa kumsimamia mgonjwa baadaye ulienea duniani kote. Tonelli alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na aliuawa huko Borama mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Bakteria wa kifua kikuu hupumua kwa menakwinoni peke yake, aina yenye vipande 9 mkiani. Binadamu hana karakana ile ya vimeng'enya 9. Kwa hiyo dawa itakayokizuia kimeng'enya kama MenA, MenB au MenD inaweza kumnyima bakteria pumzi bila kutugusa sana sisi. Watafiti wamekwisha kutengeneza viini kadhaa vinavyofanya hivyo katika maabara, ingawa hakijafika hospitalini hata kimoja. Kwa wagonjwa ambao kifua kikuu chao kimekuwa sugu kwa dawa za kawaida, utafiti huu una matumaini.

Lakini kuna jambo linalomhusu mama wa leo. Rifampisini, mojawapo ya nguzo za tiba ya kifua kikuu, ikitumiwa na mama mjamzito katika miezi ya mwisho inaweza kumfanya mtoto amalize vitamini K yake haraka na kutokwa na damu siku ya kwanza. Baadhi ya dawa za kifafa nazo hufanya hivyo. Mama asiache dawa hata siku moja, kwa kuwa kifua kikuu kisichotibiwa ni hatari zaidi kwake na kwa mtoto. Anachotakiwa ni kuwaeleza wauguzi wa kliniki mapema na kujifungulia hospitalini, ili mtoto apate vitamini K punde azaliwapo.

SI KILA DAMU NI VITAMINI

Tahadhari ya mwisho. Mwezi Desemba 1997, baada ya mvua kubwa za El Niño, watu wa Garissa walianza kufa wakitokwa na damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, iliyoambukizwa na mbu na mifugo wagonjwa, nayo ikarudi tena mwishoni mwa mwaka 2006. Homa hiyo hushambulia ini, kiwanda kile kile cha protini za kugandisha damu. Kwa hiyo mtu mzima mwenye homa na anayetokwa na damu wakati wa mafuriko, hasa penye mifugo inayoharibu mimba, asitibiwe nyumbani kwa mboga wala vidonge vya vitamini. Hospitali kwanza.

MASWALI YA WASOMAJI

Mtoto wangu ana miezi miwili na sikumbuki kama alidungwa. Nifanye nini? Tazama kadi yake ya kliniki. Ikiwa haijaandikwa, mwone daktari. Bado yuko katika umri wa hatari.

Mjamzito akila mboga nyingi, je, sindano haihitajiki? Inahitajika. Mboga zinamfaa mama, lakini kondo halipitishi vya kutosha.

Natumia warfarini. Niache sukuma wiki? Usiache, wala usizidishe ghafla. Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, na umjulishe daktari ukibadilisha chakula.

Kwa wazazi wanaotarajia mtoto, andika maneno haya mawili kwenye kadi ya kliniki leo: vitamini K. Siku ya kujifungua, waulize wauguzi kama imekwisha kutolewa. Ni haki ya mtoto wako, na haichukui hata dakika moja.